Wabonaparte wawili na njia ya kurudi Paris

Tarehe 17 Agosti 1870, katika kambi ya jeshi ya Châlons, mashariki ya Paris, Kaizari Napoleon III aliketi na majenerali wake pamoja na binamu yake, Prince Napoléon, kuamua jambo moja: arudi Paris au asirudi. Mwanzoni mwa mwezi huo majeshi yake yalikuwa yamepigwa na Prussia na washirika wake wa Kijerumani mara tatu ndani ya siku tatu, huko Wissembourg, Froeschwiller na Spicheren. Jeshi lake kubwa, lililo mikononi mwa Bazaine, lilikuwa karibu kufungiwa Metz. Mwenyewe alikuwa mgonjwa wa mawe ya kibofu, na kupanda farasi kwake kulikuwa mateso. Kikao kikaafikiana kwamba MacMahon, mkuu mwingine wa jeshi, alirudishe nyuma jeshi lililobaki, likapigane chini ya ngome za mji mkuu, na Kaizari atangulie kwenda kushika madaraka yake. Lilikuwa shauri jema. Kisha Paris ikajibu. Eugénie, mkewe, aliyeachiwa kushika dola, pamoja na Palikao, mkuu wa serikali, walituma ujumbe wa kukataa: Kaizari akirejea katika hali ile, mji utalipuka.

Hakurudi. Jeshi likageuzwa kwenda kumtafuta Bazaine, likanaswa Sedan karibu na mpaka wa Ubelgiji, na tarehe 2 Septemba Kaizari akawa mateka pamoja na askari wake wapatao laki moja. Siku mbili baadaye Jamhuri ilitangazwa Paris, na hakuna aliyeinua mkono kuitetea dola iliyoanguka.

Kila ninapoisoma habari ya kikao kile, mawazo yangu huenda kwa Bonaparte wa kwanza. Mwaka 1813, baada ya kulipoteza jeshi lake Urusi, alizungumza kwa saa nyingi na Metternich, waziri wa Austria, mjini Dresden. Metternich alisimulia baadaye kwamba Napoleon alimwambia hivi: wafalme waliozaliwa juu ya kiti wanaweza kupigwa hata mara ishirini na bado wakarudi katika miji yao mikuu, yeye hawezi, kwa sababu ni askari aliyejiinua mwenyewe, na utawala wake hautaishi zaidi ya siku atakapoacha kuogopwa. Metternich alikuwa adui yake, na kumbukumbu za adui hupimwa kwa uangalifu. Hata hivyo maneno hayo yanalingana kabisa na matendo ya mtu mwenyewe. Aliyakataa masharti ya amani ambayo mfalme mwingine angeyapokea kwa mikono miwili, na kabla mwaka haujazunguka alikuwa ametia saini ya kujiuzulu huko Fontainebleau.

Watu wengi huwalinganisha hawa wawili kwa vita. Mmoja alishinda Austerlitz, mwingine alisalimu amri Sedan, basi hukumu imekwisha. Victor Hugo, aliyekimbilia uhamishoni kwa sababu ya huyu wa pili, alimbandika jina la Napoleon Mdogo, na jina hilo halijamtoka mpaka leo. Mimi naamini mizani hiyo imekosewa. Katika mambo aliyoyaishi Mfaransa wa kawaida kila siku, yaani kazi yake, mshahara wake, safari yake na mtoto wake wa kike anayetaka kusoma, huyu mdogo alitawala vizuri zaidi. Kilichomwangusha ndicho kilichomwangusha mkubwa. Wote wawili waliketi juu ya kiti kilichonyakuliwa kwa nguvu, na kiti cha namna hiyo hudai ushindi kama kodi ya nyumba. Siku ushindi unapokosekana, mwenye nyumba hakusubirishi.

Undugu wao unaelezeka vizuri sana kwa Kiswahili. Tumezoea kusoma kwamba Napoleon III alikuwa mpwa wa Napoleon I. Lakini mpwa, kwa wanaolishika neno sawasawa, ni mtoto wa dada. Huyu alikuwa mtoto wa Louis, mdogo wake Napoleon, yule aliyewekwa kuwa mfalme wa Uholanzi. Kwa hiyo Napoleon alikuwa baba yake mkubwa. Mama yake, Hortense, alikuwa binti wa Joséphine kwa mume wa kwanza, na kwa njia hiyo Napoleon alikuwa pia babu yake wa kambo. Alizaliwa Paris tarehe 20 Aprili 1808, dola ikiwa katika kilele chake, na alikuwa na umri wa miaka saba tu iliposambaratika Waterloo. Namba mbili iliachwa kwa heshima ya mwana wa Napoleon mwenyewe, aliyefia Vienna mwaka 1832 akiwa na miaka 21 bila kutawala. Na baba mkubwa ni baba: ukimrithi, umerithi na madeni yake.

Ili kuona uzito wa deni hilo, itazame Austria. Kaizari Franz alipigwa na Wafaransa mwaka 1797, 1800, 1805 na 1809. Vienna, mji wake mkuu, iliingiwa na jeshi la Napoleon mara mbili. Mwaka 1810 alimtoa hata binti yake, Marie-Louise, aolewe na mtu aliyemshinda. Kila mara alirudi katika ikulu yake, na alikufa kitandani mwaka 1835 akiwa bado Kaizari. Mjukuu wake, Franz Joseph, alipigwa na Bonaparte wa pili huko Magenta na Solferino mwaka 1859, akapigwa tena na Prussia huko Sadowa mwaka 1866, kisha akaendelea kutawala mpaka alipofariki mwaka 1916. Babu na mjukuu walipoteza majimbo, fedha na heshima, na kiti kikabaki mahali pake. Bonaparte yeyote angeondoka kwa nusu ya hasara hizo.

Siandiki haya kuutetea ufalme wa kurithi. Naandika kwa sababu wengi husema Wabonaparte walikuwa na mzizi mwingine, ulio imara kuliko damu ya kifalme: kura za wananchi. Kura hizo zinastahili kuangaliwa kwa karibu.

Wa kwanza aliipindua serikali tarehe 9 na 10 Novemba 1799. Askari waliwatoa wabunge nje ya ukumbi wa Saint-Cloud, na mdogo wake Lucien, aliyekuwa rais wa baraza moja la bunge, ndiye aliyemwokoa wabunge walipoanza kupiga kelele kwamba ni mhalifu aliye nje ya sheria. Baada ya hapo ndipo wananchi walipoulizwa kama wanaikubali katiba mpya. Yalitangazwa matokeo ya zaidi ya kura milioni tatu za ndiyo, idadi iliyoongezwa ofisini kwa Lucien, ambaye sasa alikuwa waziri wa mambo ya ndani, hata ikafika karibu mara mbili ya kura halisi. Mwaka 1804 waliulizwa tena, kuhusu Kaizari: milioni tatu na nusu ndiyo, elfu mbili na mia kadhaa hapana. Nchi yenye watu wapatao milioni thelathini, iliyotoka kupigana yenyewe kwa yenyewe kwa miaka kumi, haiwezi kuwa na wapinzani elfu mbili na kitu. Hesabu hiyo inatuambia ukubwa wa hofu kuliko ukubwa wa mapenzi.

Wa pili alianza kwa njia safi, na jambo hili husahauliwa. Alikuwa amejaribu mara mbili kuipindua serikali, Strasbourg mwaka 1836 na Boulogne mwaka 1840, akashindwa vibaya na kufungwa katika ngome ya Ham. Alikuwa gerezani humo wakati mwili wa baba yake mkubwa uliporudishwa kutoka Saint Helena, Desemba 1840, na Paris nzima kujipanga barabarani kuupokea. Mwaka 1846 alitoroka akiwa amevaa nguo za kibarua, ubao begani. Miaka miwili na nusu baadaye, tarehe 10 Desemba 1848, alichaguliwa rais wa Jamhuri kwa kura zaidi ya milioni tano, karibu robo tatu ya zote zilizopigwa, katika uchaguzi ambao kila mwanamume Mfaransa alikuwa na haki ya kupiga kura. Hakuna Bonaparte aliyewahi kuwa na uhalali kama ule.

Aliutupa mwenyewe. Katiba ilimkataza kugombea tena mara baada ya kipindi cha kwanza, bunge likakosa robo tatu ya kura zinazotakiwa kuibadilisha, naye akaivunja. Alichagua tarehe 2 Desemba 1851, kwa kuwa tarehe hiyo ndiyo baba yake mkubwa alivikwa taji mwaka 1804 na ndiyo aliyoshinda Austerlitz mwaka 1805. Mamia waliuawa katika barabara za Paris, zaidi ya watu 26,000 walikamatwa nchini, na karibu elfu kumi walipelekwa Algeria. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, akawa Kaizari. Nawaheshimu wanaosema kwamba kosa hili pekee linatosha kumhukumu. Mimi naliweka mbele ya kila jema lake, kisha naendelea kutazama, kwa sababu alitawala miaka kumi na minane zaidi na yaliyotokea humo hayafanani na mwanzo wake.

Uwafungulie wote wawili vitabu vya sheria. Kazi kubwa ya Bonaparte wa kwanza ni sheria ya kiraia ya mwaka 1804. Iliondoa upendeleo wa kuzaliwa katika ukoo bora, ikaweka sheria moja kwa nchi nzima iliyokuwa na desturi nyingi za mikoa, na ikalinda mali na mikataba kwa lugha ambayo raia mwenye elimu ya wastani angeweza kuisoma. Ilivuka mipaka na kudumu. Msomaji aliyeko Bukavu au Lubumbashi anaishi chini ya kivuli chake: sheria ya mikataba ya Kongo, iliyotungwa mwaka 1888, ilitoka katika sheria ya Ubelgiji, na ya Ubelgiji ni mtoto wa hiyo ya Napoleon. Wabelgiji waliivusha pia hadi Rwanda na Burundi. Ni ushindi uliomzidi umri Austerlitz kwa mbali.

Lakini isomwe yote. Kifungu cha 213 kilimwamuru mke amtii mume. Kifungu cha 1781 kilisema kwamba katika ugomvi wa mshahara, tajiri anasadikiwa kwa neno lake. Fikiria kibarua aliyesimama mbele ya hakimu akidai ujira wa mwaka mzima, na sheria imeshaandika kwamba anayeaminika ni aliyemnyima. Ongeza sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 1810 iliyowafunga wafanyakazi waliogoma kwa pamoja, na daftari ambalo kila kibarua alipaswa kuwa nalo, lililowekwa tena mwaka 1803, lililomfunga kwa mwajiri wake. Usawa wa Napoleon ulikuwa wa wenye mali.

Bonaparte wa pili ndiye aliyeanza kuvifungua vifundo hivyo. Alipokuwa mfungwa Ham aliandika juu ya kuumaliza ufukara, na ingawa daftari la kibarua lilibaki, na mwaka 1854 likapanuliwa hata kwa wanawake, mengine yalibadilika. Mwaka 1862 alisaidia ujumbe wa wafanyakazi wa Kifaransa kwenda kwenye maonyesho ya London, ambako walikutana na wenzao wa Kiingereza, na kutokana na mahusiano hayo kikazaliwa chama cha kimataifa cha wafanyakazi mwaka 1864. Mwaka huo huo mgomo ulikoma kuwa kosa la jinai. Mwaka 1868 kifungu cha 1781 kilifutwa. Maneno yaliyomfanya tajiri kuwa shahidi wa kesi yake mwenyewe yaliwekwa na baba mkubwa na kuondolewa na mwana, miaka sitini na minne baadaye. Waziri wake wa elimu, Victor Duruy, mwana wa mfanyakazi, alitunga sheria ya mwaka 1867 iliyozitaka wilaya ndogo zenye watu zaidi ya mia tano zifungue shule ya wasichana. Mtu akiniuliza kwa nini nasema huyu alitawala vizuri zaidi, nitamwonyesha mistari hiyo kabla ya kumtajia barabara pana za Haussmann.

Hata barabara hizo hazidharauliki. Haussmann alishika mkoa wa Seine kuanzia mwaka 1853 hadi Januari 1870, na Paris tunayoiona kwenye picha ni yake kwa sehemu kubwa: mifereji ya majitaka, maji safi yaliyoletwa kutoka mbali, bustani, majumba yaliyolingana urefu. Maskini walilipia kwa kusukumwa pembezoni, kodi zilipopanda katikati ya mji. Reli ziliongezeka kutoka takribani kilomita 3,500 hadi zaidi ya 17,000. Benki ambazo bado zipo mpaka leo, Crédit Lyonnais na Société Générale, zilizaliwa mwaka 1863 na 1864. Bonaparte wa kwanza alikuwa ameanzisha Benki ya Ufaransa mwaka 1800 na faranga imara mwaka 1803, na hayo ni makubwa; ila uchumi wake ulikuwa wa nchi iliyo vitani, bandari zake zimefungwa na manowari za Kiingereza, vijana wake shambani wakisubiri zamu ya kuitwa jeshini.

Na uhuru wa kusema? Hapa njia zao zinapishana kabisa. Mkubwa alianza na jamhuri akamaliza na ukimya. Mwaka 1800 aliyapunguza magazeti ya siasa ya Paris hadi 13, na kufikia mwaka 1811 yalibaki manne. Mwaka 1807 alilifuta baraza lililokuwa na kazi ya kujadili miswada, kwa sababu lilijadili. Mdogo alianza na ukimya, magazeti yakiishi kwa maonyo na vitisho, kisha akaulegeza mkono mwaka baada ya mwaka: mwaka 1860 bunge likaruhusiwa kumjibu, mwaka 1868 gazeti likaweza kufunguliwa bila kibali, na Januari 1870 Émile Ollivier, aliyewahi kuwa mpinzani wake, akaunda serikali. Watawala walionyakua nchi kwa bunduki kisha wakaanza kuirudisha kwa hiari, hata kwa kusitasita, ni wachache sana katika historia.

Sisi wa pwani hii tuna sababu zetu za kuwapima, na hapa mizani yangu hailegei kwa yeyote. Jamhuri ya Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa mwaka 1794. Tarehe 20 Mei 1802 Bonaparte wa kwanza alitia saini sheria ya kuuendeleza, na sheria ile ilitaja waziwazi makoloni yaliyo ng'ambo ya Rasi ya Tumaini Jema. Makoloni hayo ni Île de France, ambayo leo ni Mauritius, na Réunion. Mashamba yao yalikula watu wa upande huu. Tangu mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alikuwa na mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Walowezi wa visiwa hivyo walikuwa wamewafukuza wajumbe waliotumwa kutangaza uhuru mwaka 1796, na sheria ya 1802 ikawapa haki waliyoitaka. Mwaka 1806 Réunion ilipewa jina la Île Bonaparte. Kwa hiyo kuna wazee wetu, Wayao na Wamakua, waliovushwa bahari wakafia katika kisiwa chenye jina la mtu anayesifiwa kwa kuleta usawa mbele ya sheria.

Saint-Domingue, koloni la Kifaransa ambalo leo ni Haiti, ilimjibu. Alimtuma shemeji yake Leclerc na jeshi kubwa, akamkamata Toussaint Louverture, kiongozi wa watumwa waliojikomboa, kwa hila na kumwacha afe kwa baridi katika ngome ya Joux, Aprili 1803. Watu wale walipigana mpaka jeshi la Kifaransa likateketea kwa risasi na homa ya manjano, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikawa nchi huru. Ni ajabu kwamba hesabu za kushindwa kwa Napoleon huanzia Urusi mwaka 1812. Jeshi lake lilikuwa limeshashindwa miaka tisa kabla, na watu waliotoka utumwani.

Katika utawala wa pili utumwa ulikuwa umeshafutwa tena, na Jamhuri ya 1848, si na yeye. Kilichokuja ni mlango wa nyuma. Meli za Réunion zilifika pwani hii na kununua watu, kisha kuwaandikia mkataba wa kibarua huru. Mwaka 1857 Wareno waliikamata meli mojawapo, Charles et Georges, karibu na Msumbiji, wakaihesabu kuwa ya watumwa. Napoleon III alipeleka manowari Lisbon mwaka 1858 na Ureno ikalazimika kuiachia. Huo ulikuwa ubabe wa kutetea jambo la aibu. Hata hivyo, baada tu ya kushinda aliagiza mpango wenyewe uchunguzwe, uandikishaji wa pwani yetu ukakomeshwa, na mwaka 1861 akapatana na Waingereza kuwatumia vibarua kutoka India. Aliyenunuliwa Kilwa hakufidiwa. Ila mmoja aliufungua mlango kwa sheria, na mwingine, akiisha kuutetea, aliufunga.

Tofauti nyingine iko katika siasa ya bahari yetu. Bonaparte wa kwanza, akiwa Misri, alimwandikia mtawala wa Muscat Januari 1799 akitafuta njia ya kumfikia Tipu Sultan wa Mysore, adui wa Waingereza huko India. Alikuwa amechelewa: hofu ya Wafaransa kuwapo Misri ilikuwa imeshawafanya Waingereza wawahi kupatana na Sayyid Sultan bin Ahmad, Oktoba 1798. Miaka sitini na kitu baadaye, tarehe 10 Machi 1862, serikali ya Napoleon III ilitia saini pamoja na Uingereza, mjini Paris, tamko la kuheshimu uhuru wa masultani wawili, Sayyid Majid wa Unguja na Sayyid Thuwaini wa Muscat. Karatasi ile iliwazuia Waingereza na Wafaransa kwa karibu miaka thelathini. Mwaka 1890 Waingereza walipotaka kuifanya Zanzibar iwe chini ya ulinzi wao, ilibidi wapate ridhaa ya Ufaransa, na bei yake ikawa Madagascar. Ilikuwa karatasi ya wakubwa kwa faida ya wakubwa, na Wamalagasi ndio waliolipa.

Nirudi kwenye vita, maana ndiko kesi inakoamuliwa. Wa kwanza alipigana bila kupumzika, na idadi ya Wafaransa waliokufa jeshini kati ya 1803 na 1815 inakaribia milioni. Aliipokea Ufaransa yenye mpaka wa mto Rhine na Ubelgiji ndani yake. Aliiacha na mipaka ya 1790 na faini ya faranga milioni 700. Wa pili alitangaza Bordeaux mwaka 1852 kwamba dola yake ni amani, kisha akaenda Crimea, ambako Wafaransa wapatao 95,000 walikufa, wengi kwa magonjwa; akaenda Italia, akapata Nice na Savoy; akaenda Meksiko, akamweka Maximilian na kumwacha apigwe risasi Querétaro mwaka 1867. Kwa nini mtu wa reli na mabenki aende Meksiko? Sioni jibu lingine isipokuwa jina. Wakulima walimchagua mwaka 1848 kwa sababu ya jina, na Bonaparte asiyeongeza utukufu alionekana kama fundi anayekula mshahara bila kufanya kazi.

Mwaka 1870 deni lilifika mwisho. Tarehe 8 Mei aliwauliza wananchi kama wanayakubali mageuzi yake. Waliosema ndiyo walizidi milioni saba, waliokataa milioni moja na nusu. Miezi miwili baadaye likaja suala la mwana wa Hohenzollern, ukoo wa kifalme wa Prussia, kutakiwa kuwa mfalme wa Hispania. Mgombea alijitoa. Jambo lilikuwa limekwisha, na mfalme mwenye mizizi angekwenda zake kulala. Lakini mawaziri wa Paris, magazeti na Eugénie walitaka Prussia iahidi kwamba halitatokea tena, Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, akaihariri telegramu iliyotoka Ems kuhusu mazungumzo ya mfalme wake na balozi wa Ufaransa, ili kuwachokoza, na tarehe 19 Julai Ufaransa ikatangaza vita.

Napoleon III alijua jeshi lake halikuwa tayari. Tangu Sadowa alitaka askari wengi zaidi, na bunge alilolipa sauti lilikuwa limempunguzia madai yake mwaka 1868. Bunge hilo hilo likamsukuma vitani. Hapa namhurumia kwa dhati. Alikuwa ameachia madaraka ya kutosha kuzuiwa kujiandaa, na hakuwa ameachia ya kutosha ili lawama za kushindwa zigawanywe. Serikali inayowajibika kwa bunge ingeanguka baada ya Froeschwiller, ikaja nyingine, na mkuu wa nchi angebaki. Serikali kweli ilianguka Agosti 9, Palikao akaingia. Lakini kiti chenyewe kilikuwa bado kimefungwa kwenye ushindi, kama kilivyofungwa mwaka 1804, na ndiyo maana kikao cha Châlons hakikuwa na nguvu mbele ya ujumbe wa Paris. Zile kura milioni saba zilikuwa na umri wa miezi mitatu na kitu.

Siku ya Sedan alizunguka juu ya farasi kwa saa nyingi katikati ya mizinga, na wengi waliomwona waliamini alikuwa anatafuta kifo. Hakukipata. Akaamuru bendera nyeupe ipandishwe, uamuzi uliookoa maelfu ya askari, na ambao baba yake mkubwa hakuuchukua Waterloo. Alifariki Chislehurst, Uingereza, tarehe 9 Januari 1873, baada ya kupasuliwa kwa ajili ya yale mawe.

Alimwacha mwana mmoja, aliyezaliwa mwaka 1856, ambaye wafuasi wao walishaanza kumwita Napoleon IV. Kijana alisoma chuo cha jeshi cha Woolwich, na Waingereza walipopigana na Wazulu mwaka 1879 aliomba aende. Tarehe 1 Juni, katika doria ndogo, Wazulu waliwatokea. Alijaribu kurukia farasi, mkanda wa tandiko ukakatika mkononi mwake, akachomwa mikuki akiwa na miaka 23. Mwaka uliofuata Eugénie alisafiri mpaka Zululand, akaenda kuona mahali alipoangukia.